Baba Amepauka

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa juu ya ngazi, akishusha mapazia ya sebuleni. Mapazia hayo hayakuwa na kosa ila moja: mdogo wake, aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, alikuwa ametundika mapya tangu Alhamisi. Yalikuwa ya zambarau, mazito, yenye vishada vya dhahabu, na upande wake wa kung'aa ulielekezwa nje, ili wapita njia wafaidi na wenye nyumba wabaki kutazama bitana. Mama Pacha aliyatazama siku mbili kutoka dirisha la jikoni, chai ikimpoa mkononi. Sasa alikuwa na ya kwake, ya kijani, mazito zaidi, na ngazi ilikuwa inayumba.

"Baba, nishikie hapo chini."

Baba yake aliinuka kwenye kiti cha pembeni, akaja, akaishika ngazi kwa mikono miwili. Mama Pacha aliinamisha macho kuhakikisha ameishika sawasawa, akaviona vipandio vya ngazi kupitia viganja vyake. Mikono ilikuwapo, maana ngazi ilitulia. Lakini ilikuwa kama mikono iliyochorwa kwa maji juu ya kioo.

"Mikono yako imepauka, Baba."

"Ndiyo," mzee alisema. "Masikio yalitangulia. Nilidhani mmeona."

"Nina mambo mengi mno wiki hii."

"Najua, mwanangu. Anza na kulabu ya kati, pazia litakaa sawa."

Akaanza na kulabu ya kati, na pazia likakaa sawa.

Mzee huyo alikuwa mpaka rangi tangu ujana wake. Mtaa mzima ulimwita Mzee Rangi, na hapakuwa na shule wala zahanati mjini pale ambayo ukuta wake, ukiukwangua vya kutosha, usingekutana na mpako wake chini kabisa. Alipofiwa na mke, mabinti zake wawili walimgombania. Hilo lisemwe kwa haki, kwa sababu wapo wazee wanaosukumwa kama sahani chafu kila mtu akitaka mwingine aioshe. Huyu alivutwa. Mama Pacha hakutaka watu waseme kwamba amemwachia mdogo mtu kazi ya kumtunza baba. Naye mdogo mtu, ambaye tangu utotoni aliitwa Kidosho na mpaka sasa, akiwa na mvi anazozificha, aliitikia jina hilo, hakutaka watu waseme kwamba dada ndiye mwenye moyo. Wakakubaliana mwezi huku, mwezi kule. Kila mwisho wa mwezi mzee alivuka barabara na begi lake, na aliyekuwa zamu yake kumpokea alitoka kumlaki getini, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Siwezi kusafiri, Baba yuko kwangu," Mama Pacha alikuwa akiwaambia watu ambao hawakumwalika safari yoyote.

Na kweli mzee hakukosa kitu. Shuka zilibadilishwa. Wali ulipikwa mlaini kwa ajili ya meno yake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko, pamoja na meza ya kupigia pasi na masanduku ya vyombo vya wageni, kwa sababu vyumba vya mbele vilikuwa na kazi ya kutazamwa. Jambo moja tu, ambalo hakuna aliyeliona kuwa jambo, ni kwamba mzee alisemwa, hakusemeshwa.

"Pacha, babu yenu amekula?" Mama Pacha aliuliza kila jioni.

"Amekula," mapacha walijibu kwa pamoja, bila kuinua macho kwenye simu zao, na mzee alikuwa pale pale kati yao, kijiko mkononi, akitafuna.

Daktari aliitwa Jumatatu. Alimpima mzee shinikizo la damu kwenye mkono ambao ilibidi autafute kwa kupapasa.

"Mzee anajisikiaje?" aliuliza, akimtazama Mama Pacha.

"Hajambo, amepauka tu."

"Kwa umri wake ni kawaida. Msimweke juani."

Lakini hata kivulini hali iliendelea. Kufikia Jumatano mpauko ulikuwa umepita viwiko, ukapanda shingoni, na jioni hiyo mume wa Mama Pacha, ambaye kila mtu alimwita Meneja hata kabla hajawa meneja, alirudi kazini amechoka akaketi kwenye sofa, na kumbe ameketi juu ya baba mkwe.

"Samahani, Baba."

"Haina neno, mwanangu. Umezidi uzito, unakula vizuri."

Meneja akahamia upande wa pili, akafungua gazeti.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kukosa usingizi. Jumapili kulikuwa na chakula cha mchana cha kumpongeza Meneja kwa cheo kipya. Watu wazito walialikwa, na kila mmoja wao alikuwa ameambiwa mara nyingi kuhusu baba anayetunzwa vizuri katika nyumba ile. Wangetaka kumsalimu. Na Kidosho angekuwapo, amevaa gauni lake bora kabisa. Akikuta kiti kitupu atasema baba amefichwa. Akikuta nguo zimekaa kitini bila mtu atasema baba halishwi.

Ijumaa akaenda duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa akipima misumari kwenye mizani.

"Nataka rangi ya kahawia," Mama Pacha alisema. "Isiyokoza sana."

"Ya ukuta au ya mtu?"

"Ya mtu."

"Wa ndani au wa nje?"

Mama Pacha alifikiri. "Wa ndani. Hatoki."

"Basi chukua hii, haina harufu. Ya nje inavumilia mvua lakini inawasha." Alishusha kopo kutoka rafu ya juu, akalipangusa vumbi kwa kiwiko. "Ni mzee?"

"Baba yangu."

"Mpe pole. Wangu nilimpiga vanishi tu, alikuwa bado ana rangi yake kidogo."

Jumamosi alasiri alimkalisha mzee uani juu ya magazeti. Mzee alilikagua kopo, akaonja uzito wa rangi kwa kijiti, akasema iongezwe maji kidogo.

"Usipige nzito. Mipako miwili myembamba inashinda mmoja mnene. Shuka na brashi, usirudi juu. Hapo kwenye sikio tumia ncha."

Mama Pacha alipiga. Alikuwa binti wa fundi, na mkono wake haukusahau. Uso wa baba ukajitokeza kidogo kidogo chini ya brashi: paji, mfupa wa shavu, midomo iliyobana kwa sababu alikuwa akijizuia asicheke, brashi ilimtekenya. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande, kama anavyotazamwa mtu anayejaribu koti dukani.

"Nimekaaje?" mzee aliuliza.

"Umependeza, Baba. Sasa usiegemee kitu."

Jumapili mambo yalikwenda vyema. Mzee aliwekwa kwenye kiti cha mkono karibu na mapazia ya kijani, na wageni walipita mmoja mmoja kumwamkia. "Mzee anang'aa," walisema, wakimgeukia Mama Pacha. "Hongera mama, wewe unajua kutunza." Mama Pacha alishusha macho kama mtu asiyetaka sifa. Ni Kidosho peke yake aliyekaa karibu zaidi. Alimrekebisha baba yake kola, akachungulia nyuma ya shingo, akarudi kwa dada yake na tabasamu la meno tu.

"Umejitahidi, Dada. Ila shingoni umeacha michirizi."

Mwisho wa mwezi mzee alivuka barabara, na Kidosho hakushika brashi mwenyewe. Alimwita mchora mabango, yule aliyechora simba kwenye ukuta wa gereji. Mchora mabango alimwondolea mzee makunyanzi, akampa nywele nyeusi na nyusi za mtu mwenye madaraka. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alimchorea saa ya dhahabu ambayo haikwenda. Mwishoni akampaka vanishi. Kidosho alimpiga picha getini kutoka pande zote, akazituma kwa watu wote aliowajua, na kwa wachache asiowajua.

Mama Pacha alizitazama picha hizo mpaka simu ikazima. Mwezi uliofuata, begi la mzee halijafunguliwa hata zipu, alikuwa tayari uani na kopo jipya. Alifuta saa kwa kupaka juu yake. Akaacha nywele nyeusi, kwa kuwa zilimpendeza, akaongeza mvi kidogo za heshima kwenye masharubu. Mwezi wa Kidosho mzee akarudishiwa saa, kubwa zaidi. Ikawa hivyo, huku na kule. Vita vya mabinti hao havikuwa na kelele. Walisalimiana kila asubuhi kutoka madirishani, wakaulizana hali, wakapelekeana vitafunio kwenye vyombo vyao bora kabisa, ili mwingine alazimike kurudisha chombo bora kuliko hicho.

Mzee akanenepa kwa rangi. Vidole havikuweza tena kukunjika kushika kijiko. Magoti yalitoa sauti ya ubao mkavu. Siku moja akiwa kwa Mama Pacha, redioni ilisimuliwa habari ya mtu aliyejaribu kuuza daraja, mzee akacheka, na kipande cha shavu kikadondoka kwenye supu yake. Alikitoa kwa uangalifu, akakiweka kando ya sahani.

"Mwanangu," alimwambia Mama Pacha. "Rangi juu ya rangi bila kukwangua si kazi ya fundi. Nibandue yote, uanze upya. La sivyo itanipasukia siku ya watu."

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Mama Pacha. Alasiri ya siku iliyofuata alitoa beseni la maji ya moto, sabuni, matambara, mafuta ya kula na kisu butu cha siagi, akaketi uani kwenye kigoda mbele ya baba yake. Mapacha walikuwa shule na Meneja kazini. Aliuchukua mkono wa kulia akauweka juu ya paja lake, akaupaka mafuta, akasubiri yalainishe, akaanza kukwangua.

Rangi ilitoka kwa magamba. Chini ya kahawia ya mwezi huu palikuwa na kahawia ya Kidosho, chini yake kahawia nyingine, na chini ya zote hapakuwa na kitu. Aliuhisi mkono, ulikuwa na joto, lakini alichokiona ni kitambaa cha gauni lake mwenyewe.

"Inauma?"

"Hapana. Inawasha kama ukuta unaopumua."

Mama Pacha aliendelea kusugua kwa tambara. Kwa kuwa hakuzoea kunyamaza, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Hivi kile chumba chetu cha utotoni, kwa nini kilikuwa na rangi mbili?"

Mzee alicheka taratibu, asije akapasuka. "Mligombea rangi. Wewe ulitaka buluu, Kidosho akataka waridi. Mkalia siku nzima. Nikavuta mstari katikati, nikapaka nusu kwa nusu. Asubuhi nikija kuwaamsha nawakuta mmelala nyote upande mmoja. Leo huku, kesho kule. Mama yenu akasema, hawa hawataki rangi, wanataka kushinda."

"Mimi nilikuwa nafuata ubaridi wa ukuta."

"Ulikuwa unamfuata mdogo wako. Alikuwa anaogopa paka wa darini."

Mama Pacha alitaka kubisha, akatazama chini, na pale alipokuwa akisugua kidole gumba kilikuwa kimerudi. Hakikuwa na rangi ya kopo lolote. Kilikuwa cheusi kwenye kiungo, chekundu kidogo ubavuni, na chini ya ukucha palikuwa na ukoko wa buluu ya zamani ambao sabuni zote za mama yao hazikuwahi kuutoa. Hakushangaa. Aliuliza swali jingine, kisha jingine, na kila alipouliza na kusikiliza, ngozi ilitambaa kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kovu la siku alipoanguka ngazini likatokea juu ya kiganja. Mshipa ukatokea, ukapiga.

Alielewa. Hakuhitaji daktari wala mwenye duka amweleze. Alielewa kama mtu anavyoelewa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma kumbe ni wa kuvutwa.

Kidosho aliingia kwa mlango wa nyuma, na sahani mkononi. Alikuwa amewaona kutoka dirishani, akaja kuona kama dada anamharibu.

"Unamfanya nini Baba?"

"Namkwangua. Kaa chini, shika huo mwingine."

Kidosho alisimama kidogo na gauni lake safi. Kisha akavua pete, akaziweka ndani ya sahani, akavuta ndoo akaigeuza na kuikalia. Aliuchukua mkono wa kushoto. Saa ya dhahabu iliyokuwa chini ya kahawia ya dada ilikuwa ngumu kutoka, ikambidi amwombe radhi mzee mara kadhaa, huku dada yake akimsimulia habari ya chumba na paka wa darini.

"Baba, kweli nilikuwa naogopa paka?"

"Paka, radi, na yule mwalimu mwenye miwani."

"Yule kila mtu alimwogopa," Mama Pacha alisema, na wote watatu wakacheka, magamba yakamdondoka mzee kifuani.

Alasiri ile ikawa ndefu na nzuri. Mzee aliwasimulia jinsi alivyompaka mama yao rangi puani kwa bahati mbaya siku ya kwanza kukutana naye, na jinsi mama yao alivyokataa kuifuta mpaka aje amwombe msamaha mbele ya wazazi wake. Hawakuwahi kuisikia habari hiyo. Hawakuwahi kuiuliza. Mikono yote miwili ilikuwa imerudi mpaka karibu na viwiko, ikilala kwenye mapaja ya mabinti kama mikate iliyotoka motoni.

"Wa kwangu umekolea zaidi," Kidosho alisema, akilinganisha.

"Wako uko upande wa jua."

"Tubadilishane tuone."

"Niacheni, msinivute," mzee alisema, lakini sauti yake ilikuwa na tabasamu.

Simu ya Mama Pacha ikalia. Alifuta mkono akapokea, na sauti yake ikabadilika, ikavaa viatu virefu. Alikuwa mke wa mkurugenzi, mkuu wa kazi wa Meneja, mama ambaye dada hawa wawili walikuwa wakimwinda mwaka mzima bila hata mmoja kumpata. Yuko karibu hapo pamoja na mumewe, alisema. Wameona picha za mzee, wamesikia sifa zake. Wangependa kupita dakika chache wamsalimu.

Mama Pacha akakata simu. Mabinti walimtazama baba yao. Mikono ilikuwapo. Uso walikuwa wameukwangua wote lakini ulikuwa haujarudi, na sasa juu ya kola ya shati palionekana ukuta wa uani, na kamba ya nguo.

"Tuwaambie hayupo," Kidosho alisema.

"Wameshaambiwa yupo. Picha zako zimewaambia."

"Basi tukae naye, tuongee haraka haraka. Baba, eleza kitu."

Mzee alifungua kinywa, nao wakamkazia macho, lakini masikio yao yalikuwa getini, na hakuna kilichorudi isipokuwa ncha ya nyusi moja, ambayo nayo ilisitasita ikatoweka.

"Haina neno," mzee alisema kutoka pale uso ulipokuwa. "Pigeni mpako mmoja, mwembamba. Mengine tutaongea kesho."

"Kesho, Baba," Mama Pacha alisema, na alimaanisha. Halafu akakumbuka kwamba kesho fundi wa mazulia anakuja.

Walipiga wote wawili, mmoja shavu hili mmoja shavu lile, kwa ustadi ambao ungempa fahari fundi yeyote. Hapakuwa na mchirizi hata shingoni. Uso ulitoka laini, mtulivu, wa mzee anayetunzwa. Walirudi nyuma kuutazama, na Kidosho ndiye aliyesema kile ambacho wote wawili walikiona.

"Mikono haifanani na uso."

Ilikuwa kweli. Chini ya uso ule mikono ilionekana kama ya mtu mwingine aliyeingia bila kualikwa: imekunjamana, ina madoa, na buluu chini ya kucha.

"Avae glavu," Mama Pacha alisema.

"Joto hili?"

"Tumfunike shuka miguuni, mikono iwe ndani."

"Watataka kumpa mkono."

Mzee alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akainyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja chini, vidole vimeachana, jinsi alivyokuwa akiwafundisha wasaidizi wake zamani kukagua kazi.

"Anzieni katikati ya vidole," alisema. "Watu husahau hapo."

Kila mmoja alichukua mkono wake. Kidosho alimaliza mapema, akavaa pete zake palepale, akakimbia kuvuka barabara kubadili gauni. Mama Pacha alikwenda polepole kuliko ilivyohitajika. Alipofika kwenye kovu alilizunguka, akapaka kwingine kote, akapuliza, akachovya brashi tena ingawa ilikuwa bado na rangi. Kisha akarudi, akalifunika.

Walimweka sebuleni, kando ya dirisha. Honi ililia getini, mara moja, kwa adabu. Mama Pacha alivua aproni, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka kwenda kufungua, akarudi. Aligusa shavu la baba yake kwa ncha ya kidole, kuona kama limekauka.

Mzee akakiegemea kile kidole kidogo tu, macho yamefumba.

"Bado mbichi, Baba," Mama Pacha alisema. Akaondoa kidole, akakifuta kwenye pazia kwa ndani, upande wa bitana, akaenda kuwapokea wageni.